Upinde wa kufungua: kwa nini bawa limepasuka kwenye tundu la bolti

*"Mimi ni seremala, niko Masasi. Nimechonga upinde wa vipande vitatu ili ninapokwenda Mtwara kwa basi niuingize kwenye begi. Huko tunalenga shabaha ya magunia na wenzangu, hatuwindi. Kishikio ni mninga, urefu sm 45. Mabawa nayo ni mninga, upana mm 35, unene mm 15, kila moja ni vibao viwili nilivyobandika kwa gundi nyeupe. Ukishafungwa, upinde wote una sm 150. Kila bawa nimelikaza kwa bolti mbili za kitanda za mm 6: ya nje iko mm 15 kutoka mwisho wa kishikio, ya ndani mm 60. Mimi navuta sm 66. Mara ya tatu kuvuta, bawa la juu likapasuka kupitia tundu la bolti ya nje. Wazee wanasema mninga ni laini, nitumie mpingo. Je, nikibadili mti nitapona? Au niachane na bolti nitumie bomba?"*

Pole kwa bawa lako, fundi, na ahsante kwa kuandika vipimo vyote. Wengi huandika "upinde wangu umevunjika" basi, na hapo hakuna wa kuwasaidia. Vipimo vyako vyenyewe vimeshajibu nusu ya swali. Mti una kosa dogo tu hapa. Hata ungeweka mpingo, bawa lingepasuka palepale, kwa sababu bolti yako ya nje imekaa karibu kabisa na mahali ambapo bawa linabeba mzigo mkubwa kuliko kote. Upinde wa kufungua hutobolewa pale usipopinda, na wewe umetoboa pale unapojikunja zaidi.

Jaribu hivi kabla hujashika randa. Laza rula ya plastiki mezani, theluthi mbili zikiwa zimetoka nje ya ukingo wa meza. Mwisho wa ndani ubane kwa kidole, kisha sukuma ncha ya nje iende chini. Utasikia kidole kinasukumwa juu, na utaona rula inajikunja zaidi pale inapogusa ukingo wa meza. Kwenye kidole chenyewe haijikunji hata kidogo. Meza ni kishikio chako, kidole ni bolti, rula ni bawa. Sasa sogeza kidole taratibu kuelekea ukingo. Kila unavyokaribia, unalazimika kubana kwa nguvu zaidi. Ukibakiza sentimita moja na nusu, kidole hakiwezi tena.

Ndicho kilichotokea kwenye upinde. Ukivuta kilo 18 kwa mvuto wako wa sm 66, bolti iliyo mm 60 kutoka ukingo wa kishikio hubeba kati ya kilo 120 na 140. Ukiisogeza hadi mm 15 na kuiachia mzigo wote, inakaribia kilo 500. Chuma kinaweza kuvumilia, mti hauwezi. Tundu la mm 7 kwenye bawa la mm 35 limeondoa moja ya tano ya nyuzi, na zile zilizobaki kwenye ukingo wa tundu hubeba mkazo mara tatu au zaidi ya wenzao wa pembeni, kwa kuwa nguvu inayopita kwenye bawa inalazimika kulizunguka tundu. Ufa huanzia hapo, upande wa mgongo, yaani ule unaotazama shabaha, kwa sababu ndio unaovutwa. Upande wa tumbo, unaomtazama mvutaji, hubanwa. Kiangalie kipande kilichovunjika: bila shaka nyuzi za mgongoni zimechanika kama kamba, na za tumboni zimekunjika.

Mafundi huongeza bolti ya pili wakidhani wanaongeza uimara. Kwenye kitanda ni sawa. Kwenye upinde, bolti ya pili ikikaa upande wa ukingo inanyang'anya ile ya ndani kazi yake, na inaongeza tundu mahali pabaya. Bolti moja nene ya mm 8, iliyokaa ndani, inatosha kabisa. Unachohitaji zaidi ni kitu cha kuzuia bawa lisizunguke kama mshale wa saa, na kazi hiyo ni ya pini.

Kosa la pili ni urefu, na hili lingekuumiza hata bila bolti. Upinde wako una sm 150, ondoa kishikio cha sm 45, zinabaki sm 105 zinazopinda, wakati wewe unavuta sm 66. Kwa upinde wa mti mtupu, usio na faiba, sehemu inayopinda isipungue mara mbili ya mvuto. Kwako ni sm 132. Watu wanaiga pinde za dukani zenye kishikio kirefu na mabawa mafupi, wakisahau kwamba zile zina faiba mgongoni na tumboni. Kishikio hakipindi, kwa hiyo kila sentimita unayokipa kishikio lazima uilipe kwa kurefusha upinde mzima.

Habari njema ni kwamba kishikio chako huna haja ya kukitupa. Mninga ni mti mzuri kwa kishikio: umetulia, hauvimbi wala kusinyaa sana, na unachongeka. Kiache na sm 45 zake, upinde wote uwe sm 177. Tundu la nje lizibe kwa kijiti cha mti mgumu kilichopakwa epoksi. La ndani, la mm 60, liko mahali pake hasa. Lipanue lifike mm 8.5 lipokee bolti ya mm 8. Usiikaze kwenye nyuzi za mti. Ipitishe hadi upande wa pili wa kishikio, weka washa pana na nati, chonga kishimo ili nati izame isikukwaruze mkono. Bolti za kitanda zenye ile nati ya duara inayokaa ubavuni zinafaa pia mradi ziwe za mm 8, lakini kwa pwani tafuta za stenlesi. Chumvi ya Mtwara inakula chuma cha kawaida haraka.

Kisha pini. Toboa mm 25 ndani zaidi ya bolti, yaani mm 85 kutoka ukingo, upachike msumari mnene au fimbo ya chuma ya mm 6 kwenye kishikio, itokeze mm 8 hivi. Tundu lake kwenye bawa liwe la kubana, liingie kwa kusukuma kwa kidole gumba. Hapo bawa halibebi mzigo wa kupinda, kwa hiyo tundu hilo halina madhara. Mwisho wa bawa uwe mm 15 baada ya pini. Ukijumlisha, kila bawa linalala sm 10 juu ya kishikio na kutokeza sm 66, kwa hiyo utakata vipande vya sm 76. Hata kwenye begi la kawaida la safari vinaingia kwa mshazari.

Ukingo wa kishikio, pale bawa linapoegemea, usiuache mkali. Uviringishe kwa tupa kama mm 4, na kati ya bawa na kishikio weka kipande chembamba cha ngozi, hata ya kiatu kilichokwisha. Ukingo mkali huchora mstari tumboni mwa bawa, na mstari huo ndio mwanzo wa ufa mwingine. Vilevile unene wa bawa usiwe sawasawa. Juu ya kishikio liwe mm 17 hadi 18, lishuke taratibu likivuka ukingo, na kufikia sm 6 nje ya ukingo liwe limefika unene wake wa kazi. Hivyo mpindo unaanzia nje, mahali pasipo na tundu wala kona.

Sasa mti. Mpingo wazee wanaupenda kwa haki, ila kwa mabawa hapana. Ni mzito mno, unazama majini, na upinde hutupa mshale kwa wepesi wa ncha zake. Bawa zito linatumia nguvu kujirudisha lenyewe, mshale unabaki na makombo. Mpingo mnyoofu wa sm 76 usio na ufa wa moyoni nao ni wa kubahatisha. Utumie kwa vipande vidogo vya nchani, pale panapokatwa vikato vya upote, yaani kamba ya upinde, utapendeza. Mninga kwa upande wake una nyuzi zinazopishana na hauna ukakamavu wa kutosha; mabawa yake hulegea na kubaki yamejikunja. Mkorosho usiuguse, ni kuni.

Tafuta mkole. Afrika ya mashariki na kusini watu wamechonga pinde kwa mkole toka zamani. Ni mgumu, unanyumbuka, na hauna tabia ya kukatika ghafla. Kwa kuwa mti wenyewe ni mwembamba, tafuta fito lililonyooka la unene wa sm 8 hadi 10, lipasue katikati, na upande wa chini ya gome ndio uwe mgongo. Toa gome, kisha usiuguse mgongo kwa randa tena. Kila unyuzi uliokatwa mgongoni ni mlango wa kupasukia. Fito moja lililopasuliwa vizuri linakupa mabawa mawili ndugu, na hilo ni jambo kubwa, kwani yatapinda kwa tabia moja.

Kama mkole hupati, bandika mwanzi mgongoni mwa kibao cha mkongo chenye nyuzi zilizonyooka. Ngozi ya nje ya mwanzi hustahimili kuvutwa kuliko karibu mti wowote utakaoupata. Chagua mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu na zaidi. Randa upande wa ndani tu mpaka ubaki mm 3.5 katikati, na ngozi uiache ilivyo. Vifundo visugue kidogo kwa msasa laini. Kipande cha kunenepesha kitako (mwisho wa bawa unaolala juu ya kishikio), yaani kabari ya sm 18 inayoanza na mm 5 na kuishia na ncha kama karatasi, kiingie kati ya mwanzi na mkongo. Ukikibandika kwa nje kitachomoka.

Gundi nyeupe ni nzuri kwa makabati. Kwenye bawa inateleza polepole chini ya mkazo, na upinde ukiachwa kwenye buti la basi saa saba mchana inalainika. Tumia epoksi ya sehemu mbili, ile inayokauka kwa saa 24; ya dakika tano haina nguvu hiyo. Kwaruza nyuso zote mbili kwa msasa namba 60 au 80, futa vumbi, paka pande zote, kisha zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe, kutoka kitako hadi ncha. Usikamue mpaka gundi yote itoke. Epoksi inataka ibaki kidogo katikati, na kiungo kilichobanwa kwa klampu mpaka gundi yote ikatoka mara nyingi ndicho kinachofunguka.

Vipimo vya kuanzia kwa mkole: upana mm 40 kwa theluthi mbili za kwanza, kisha punguza hadi mm 12 nchani, unene mm 13 baada ya kitako, mm 9 karibu na ncha. Hapo upinde utakuwa mgumu kupita unachotaka, na ndivyo inavyotakiwa. Kumbuka hesabu moja: ukizidisha upana mara mbili, ugumu unazidi mara mbili, ukizidisha unene mara mbili, ugumu unazidi mara nane. Ndiyo maana mkwaruzo mmoja wa ziada tumboni unaweza kuharibu kazi ya siku tatu. Mti ulioondolewa haurudi.

Kusawazisha mpindo ndiko kunakochukua muda, na ndiko wengi wanakoharakisha. Funga kishikio kwenye nguzo, ncha mbili ziangalie chini. Upote mrefu uvute kwa kamba inayopita kwenye kapi iliyo sakafuni, wewe ukisimama mita tatu pembeni. Katikati ya kamba ning'iniza mizani ya kulabu, kama ile ya kupimia samaki. Vuta sm 20 tu, tazama. Sehemu isiyopinda ndiyo ya kukwaruzwa, tumboni, kwa kipande cha chupa au cha bamba la msumeno. Inayopinda kupita wenzake usiiguse, iweke alama ya penseli. Baada ya kila mkwaruzo vuta mara 30 kabla ya kuhukumu, kwa sababu mti unachelewa kutoa taarifa. Na usivute kamwe zaidi ya kilo unazotaka mwishoni. Kama unataka kilo 18, mizani ikisoma 18 simama, hata kama umefika sm 35 tu, kwaruza, uendelee. Ukiona mikunjo myembamba inayokata bawa kwa upana tumboni, au unyuzi uliojiinua mgongoni, kazi ya bawa hilo imeisha.

Upinde wa kufungua una jambo lake la ziada hapa. Andika J na C chini ya vitako, la juu na la chini, na usiyabadilishe tena. Ukishapachika upote, simama nyuma: unatakiwa upite katikati ya kishikio. Ukienda kushoto, mara nyingi bawa halina kosa, ni uso wa kishikio ulioinama. Sugua kidogo upande unaostahili au weka utepe wa karatasi chini ya ngozi kwanza ili uone. Bawa la chini liwe gumu kidogo kuliko la juu, tofauti ya mm 3 hadi 5 ukipima kutoka upote hadi kitako cha kila bawa. Upote wenyewe usiwe wa nailoni ya nyavu, unanyumbuka mno. Tumia uzi wa poliesta. Kati ya upote na kishikio acha sm 15 au 16. Kila mara ondoa upote kwanza, ndipo ulegeze bolti. Anayelegeza bolti upinde ukiwa umevutwa na upote anajitafutia jino.

Kuhusu bomba: ni njia halali, na kwa msafiri ina raha yake. Unachonga upinde mmoja mzima, unaukata katikati ya kishikio, pale usipopinda kabisa, na nusu mbili zinakutana ndani ya bomba la chuma la mstatili lenye urefu wa sm 11 au 12. Hakuna tundu kwenye bawa. Nusu moja inabandikwa kwa epoksi moja kwa moja, nyingine inachomolewa. Ugumu wake ni kulinganisha: bomba likilegea hata nusu milimita, ncha zinacheza na mshale hauendi mahali pamoja mara mbili. Unapaka epoksi kwenye nusu inayochomoka, unaipaka nta au sabuni bomba ndani, unaingiza, unasubiri ikauke, unachomoa. Tatizo jingine ni kwamba bawa moja likivunjika umepoteza nusu ya upinde pamoja na nusu ya kishikio. Kwa kuwa bado unajifunza, na utavunja bawa jingine, hilo tulikubali, mimi ningebaki na vipande vitatu. Upinde wa pili ufanye wa bomba.

Kuna unyevu pia, ambao kwenu si wa kupuuza. Mti uliokauka Masasi mwezi wa Septemba unaweza kwenda Mtwara mjini Januari, kwenye mvua na hewa ya bahari, ukanywa maji na kulegea. Upinde wa kilo 18 unakuwa wa 16 na mabawa yanabaki yamejikunja. Kausha fito kivulini, ncha zikiwa zimepakwa rangi au nta zisipasuke, kisha lining'inize darini jikoni, pale watu wanapoweka mbegu za mahindi, mbali na moto. Lipime kwenye mizani kila baada ya siku tatu. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili, chonga. Ukimaliza, paka vanishi pande zote, pamoja na ndani ya matundu ya bolti na pini, ambako watu husahau na ndiko maji yanakoingilia.

Mambo mawili usiyamalize kwa kusoma tu. Bawa linalojipinda kama parafujo ukilivuta lipeleke kwa mtu aliyechonga pinde akalione likiwa kwenye nguzo, maana sababu zake ni nyingi na picha haionyeshi. Na kabla ya kutembea na upinde upande wa Nanyumbu au Nachingwea, pita ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukaulize. Mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi yako karibu nanyi, na kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 upinde ni silaha. Ukikutwa nao porini bila kibali, maelezo ya magunia hayatakusaidia. Mkole na mkongo nao wanunue kwa mtu mwenye hati, au ulizia ofisi ya misitu.

Mabawa ya mninga usiyachome. Lile lililopasuka halibandikiki, lakini vibao vyake vina unyoofu wa kutosha kukupa kabari nne za vitako, na lile zima lifunge kwenye nguzo ulivute kwa makusudi mpaka livunjike, ukiandika kilo na sentimita kila hatua. Utajua mninga wako unafikia wapi.